Ngoma Isiyo na Tiketi

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka tamasha la muziki hakosi pa kwenda. Mwezi Februari atavuka bahari hadi Ngome Kongwe, Unguja, kwenye Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004. Akipenda ngoma za asili atasubiri nusu ya pili ya mwaka aende Bagamoyo, ambako tamasha la sanaa na utamaduni lilianza 1982, mwaka mmoja baada ya Chuo cha Sanaa kuanzishwa. Akiwa kijana wa Bongo Fleva, viwanja vya kwenda havihesabiki. Kote huko atakuta lango, jukwaa na majina ya wadhamini. Akishalipa langoni amemaliza, kinachobaki ni kutazama.

Lipo tamasha jingine ambalo hulioni kwenye bango lolote. Ni shughuli ya kumtoa mwali, ngoma kubwa ya Wazaramo. Ukitaka kuiona ingali na nguvu zake, panda gari la Chanika msimu wa likizo za shule, mwezi Juni au Desemba, au zile siku za vunja jungu kabla ya Ramadhani. Hakuna atakayekudai tiketi. Hata hivyo usije ukadhani ni bure. Ngoma ya shamba hulipiwa na kila aliyehudhuria, na namna inavyolipiwa ndiyo inayoiweka hai. Hilo ndilo ninalotaka kulionyesha katika sura hii, kwa kuifuata siku moja tu ya ngoma kuanzia asubuhi hadi usiku.

Kwenda Chanika

Tulikwenda kundi: mwalimu wa shule ya msingi, fundi cherehani na mumewe ambaye ni dereva wa lori, kijana anayetengeneza muziki wa singeli chumbani kwake kwa kompyuta, na mimi. Mwenye mwaliko alikuwa fundi cherehani peke yake, kwa kuwa ndiye aliyeshona sare za ukoo. Sisi wengine tulikuwa wageni wa mgeni. Katika ukumbi wa harusi mjini, penye kadi na walinzi mlangoni, tungerudishwa. Shambani mgeni wa mgeni ni mgeni.

Kutoka Posta, Barabara ya Nyerere inapita Tazara, Uwanja wa Ndege, Ukonga na Gongo la Mboto, kisha inaanza kupanda vilima vya Pugu. Ukifika Pugu Kajiungeni njia zinaachana. Moja inakwenda Kisarawe, nyingine Chanika, na hii ya pili huzunguka kwa Msongola na Mbande hadi Mbagala. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi uko jirani, na abiria aliyetoka katikati ya jiji hufungua dirisha bila kuambiwa.

Watu wa Kariakoo huita Chanika shamba. Watu wa vijiji vya Kisarawe huiita mjini. Wote wana haki. Kiutawala ni Ilala, ndani ya Jiji la Dar es Salaam, lakini nyuma ya fremu za maduka bado kuna minazi, mikorosho na mashamba ya mihogo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima, na nafasi ya kuwaweka watu hao imepatikana huku pembezoni. Mradi wa viwanja 20,000 wa miaka ya 2000 ulipima ardhi Buyuni, jirani na hapo, na baadhi ya waliohamishwa Kipawa kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege walipewa viwanja upande huu. Ndiyo maana katika mtaa mmoja utamkuta Mzaramo anayeokota korosho chini ya mikorosho ya babu yake, Mhaya aliyejenga kwa kiinua mgongo, Mmakonde fundi seremala na Mchaga mwenye duka. Ngoma ikilia wote wataisikia, na wote watakuwa wameshapitiwa kuombwa mchango.

Asubuhi: moto na daftari

Tulifika ngoma zikiwa bado zinaota moto. Zilikuwa zimeegeshwa kuzunguka makuti yanayowaka, nyuso za ngozi zikielekea mwali wa moto: chapuo ndogo zenye sauti kali, msondo mrefu, na vumi lenye mngurumo. Ngozi iliyolala kwenye umande hulegea, na ngoma iliyolegea haitoi sauti ya kuchezeka. Mpigaji huipasha kidogo kidogo, akiigonga kwa vidole na kutega sikio, hadi ikaze. Akizidisha moto, ngozi inachanika. Kijana wetu wa singeli, ambaye kazi yake yote ya kurekebisha sauti huifanya kwa kidole kimoja juu ya kitufe, alichuchumaa pale muda mrefu akiuliza maswali.

Upande wa pili wa uwanja kulikuwa na mafiga, kuni na masufuria makubwa ya kukodi. Mchele ulikuwa unapepetwa, vitunguu vinamenywa, na mbuzi ameshachinjwa tangu alfajiri. Kinamama waliokuwa jikoni hawakuwa wapishi wa kulipwa. Walikuwa majirani, na kila mmoja alikuwa amekuja na kisu chake kutoka nyumbani.

Chini ya mwembe, juu ya mkeka, alikaa bibi mmoja na binti mwenye kaunta buku. Tulimwamkia.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba wajukuu zangu. Mmekuja kula au mmekuja kucheza?”

Mwalimu akatoa noti na kuiweka mkekani kwa adabu. Bibi hakuigusa. Akauliza jina. Mwalimu akasema si kitu, ni kidogo tu, bibi apokee. Bibi akamwambia kuwa pesa isiyo na jina hawezi kuipokea kwa sababu hataweza kuirudisha. Ilibidi jina liandikwe, na mtaa, na kiasi. Mistari ya juu yake ilikuwa imejaa vitu vya kila namna: doti ya kanga, kilo tano za mchele, sukari, kuni za mzigo mmoja, elfu kumi, elfu mbili.

Daftari lile ndilo moyo wa shughuli nzima. Aliyeleta kilo tano za mchele leo, siku yake ikifika, mwenye shughuli atafungua kurasa na kumpelekea mchele usiopungua huo, na mwenye heshima huongeza kidogo juu. Nyongeza hiyo nayo huandikwa, ikageuka deni jipya upande wa pili. Kwa hiyo hesabu haifungwi. Wanavikoba na wacheza upatu wataielewa mara moja, isipokuwa hapa zamu haipangwi na kikao. Inapangwa na watoto wanaokua, ndoa zinazofungwa na misiba inayokuja bila taarifa.

Mambo ya ndani na mambo ya nje

Fundi cherehani aliitwa ndani. Mumewe, mimi na wanaume wengine tulibaki uani. Mafunzo ya mwali ni siri ya wanawake, na mwandishi mwanamume hana la kusimulia kuhusu yanayosemwa chumbani. Yaliyo wazi ni haya: msichana aliyevunja ungo hukaa ndani chini ya uangalizi wa somo wake, hufundishwa usafi, heshima na mambo ya utu uzima, na mwisho wake hutolewa hadharani akiwa amepambwa, ukoo wote ukishangilia.

Mtafiti kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, aliishi na Wazaramo wa Bunju katika miaka ya 1960 na kuandika kwa undani juu ya mila hizi katika kitabu chake cha 1970 kuhusu jamii ya Wazaramo. Kutoka kwake wengi nje ya Pwani wamejifunza habari za mti wa mkole, ambao kwa Wazaramo ni mti wa uzazi na ndio ulioipa ngoma ya mwali jina, na habari za mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti ambacho mwali alipewa akitunze kama mtoto. Siku hizi mwana hiti utamwona kwa urahisi zaidi katika makabati ya vioo ya makumbusho kuliko katika nyumba za Chanika. Ngoma imebaki. Kinyago kimesafiri.

Muda nao umepungua. Zamani mwali alikaa ndani miezi, pengine zaidi ya mwaka. Sasa mafunzo yanabanwa yaingie ndani ya likizo, kwa kuwa shule ikifunguliwa mtoto lazima awe darasani. Na maana ya kutolewa inabadilika. Zamani tangazo lilikuwa wazi: huyu sasa anaweza kuposwa. Leo mahakama zinasema jingine. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo Oktoba 2019. Mwalimu wetu alilitaja jambo hili kwa wazee bila kuzunguka. Walimjibu kuwa mtoto wao anarudi shule Jumatatu, na kwamba kumcheza ni kumfunza, wala si kumwoza. Shughuli inayoshika ahadi hiyo inastahili kulindwa, na inayoivunja inastahili kushtakiwa. Hakuna haja ya kuzihukumu zote kwa pamoja.

Mdundiko unapita

Baada ya adhuhuri ngoma zilinyanyuka. Ngoma nyingi za Tanzania hukaa mahali pamoja na watu wakazizunguka, lakini mdundiko hutembea. Wapigaji huzifunga ngoma kwa mikanda begani, wanawake hutangulia wakiyumbisha mabega na kukokota miguu kwa mpigo, na kila nyumba inayopitwa huongeza watu. Wengine hutoka na mwiko mkononi. Bodaboda huzima pikipiki, kwa kuwa hakuna pa kupita.

Uzuri wake ndio hatari yake. Mtoto mdogo huifuata ngoma nyuma, mitaa ikapita, na ngoma ikinyamaza hajui alikotoka. Kila mzazi wa uswahilini Dar es Salaam ana kisa cha mtoto aliyepotelea mdundikoni. Ndiyo sababu mojawapo ya serikali kuudai kibali. Udhibiti wenyewe ni wa tangu zamani, maana enzi za Mwingereza pia ngoma za mjini zilihitaji ruhusa. Siku hizi mwenye shughuli huanzia ofisi ya serikali ya mtaa, halafu polisi, na barua yenye muhuri hutunzwa vizuri kuliko vito vya mwali.

Wakoloni walikuwa na sababu ya kuziangalia ngoma kwa jicho la wasiwasi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma za beni, alionyesha jinsi makundi ya Marini na Arinoti yalivyoenea Afrika Mashariki yakiwa na vyeo, sare na michango ya wanachama. Watu waliojua kujipanga kwa ajili ya kucheza walikuwa wanajua kujipanga, basi. Sare za vitenge zilizoshonwa na rafiki yetu, rangi moja kwa upande wa baba na nyingine kwa upande wa mama, zina ukoo na sare zile.

Kijana wa singeli alikuwa ametoa simu na kurekodi. Alisema mpigo wa chapuo ndio ule ule anaoutafuta kila siku kwenye kompyuta, isipokuwa yeye huukimbiza zaidi. Hakukosea. Muziki wa Dar es Salaam umekuwa ukichota kwenye kisima hiki kwa vizazi vingi. Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanzishwa 1978, ilijiita Sikinde, jina la ngoma ya Kizaramo. Mahasimu wao, waliozaliwa 1964 kama NUTA Jazz Band na kupita majina ya JUWATA na OTTU, leo wanaitwa Msondo Ngoma. Mmoja wa walioimbia bendi zote mbili, Muhidin Gurumo, alitoka Masaki ya Kisarawe, si Masaki ya mabalozi. Alipofariki Aprili 2014, taifa lilimlilia mwimbaji wa dansi, nao Wazaramo walimlilia mtoto wa ngoma. Waliokuwa wakicheza Sikinde kwenye kumbi za Dar es Salaam, wengi wao wakiwa wamevaa suti, walikuwa wanacheza mapigo ya shamba bila kuyajua.

Jim Reeves wa dereva

Wakati wa chakula, tukiwa tumezunguka sinia la wali na nyama, dereva wa lori alituanzishia mjadala. Huyu ni Mnyamwezi, mtani wa Wazaramo, na tangu asubuhi alikuwa ametozwa faini za utani mara kwa mara: amesimama vibaya, amekaa vibaya, amekohoa bila ruhusa. Katika flashi ya lori lake kuna Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton, na usiku kwenye barabara ya Dodoma hasikilizi kingine. Alitaka kujua kwa nini muziki wa shamba wa Wamarekani unauzwa dunia nzima, na huu wa Chanika hauvuki Pugu.

Swali lake lina historia ndefu kuliko alivyodhani. Muziki ule wa magharibi ulifika huku mapema sana. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wa Kenya wakimwimba kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu na nusu swala. Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki 1933, ambaye santuri zake zilifika vijijini pamoja na gramafoni. Wasichana wale hawakumtazama kama nyota wa mbali. Walimtia katika ngoma yao akacheza. Zaidi ya miaka 60 baadaye nakala za rekodi hizo zilirudishwa kwa Wakipsigis na kusikilizwa na wazee waliokuwa wangali hai. Nchini Kenya muziki wa namna hii una wafuasi hadi leo, na mwimbaji wake mashuhuri, Sir Elvis, huwakusanya watu Nairobi wakiwa na kofia pana na buti.

Huko Marekani nao ulianza kama wetu. Majirani walikutana kwenye ghala la shamba, fidla ikapigwa, waliovuna pamoja wakacheza pamoja. Mwaka 1925 redio ya Nashville ikaanza kurusha kipindi kilichokuja kuitwa Grand Ole Opry. Mwaka 1953 mji wa Meridian ukaanzisha tamasha la kumkumbuka Jimmie Rodgers. Mwaka 1972 Nashville ikaanzisha tamasha lake kubwa la mashabiki. Kila hatua ilileta fedha zaidi, na kila hatua ilimsogeza mwanakijiji kutoka uwanjani hadi kwenye kiti cha mtazamaji.

Kwa hiyo jibu la dereva ni kwamba ngoma ya Chanika imevuka Pugu siku nyingi. Imevuka ndani ya Sikinde na Msondo. Imevuka ndani ya mchiriku, ule muziki wa vinanda vidogo vya Casio na spika zinazokwaruza, ambao kundi la Jagwa Music liliupeleka Ulaya na kuutolea albamu mwaka 2012 kupitia kampuni ya Ubelgiji. Imevuka ndani ya singeli ya studio ya Sisso, Mburahati, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017. Tofauti ni kwamba sisi tumeuza watoto wa ngoma tukabaki na mama yao nyumbani. Mama hauzwi, kwa sababu ukimtoa kwenye daftari lake na majirani zake kinabaki kitu kingine.

Alasiri: kutunza

Jua lilipoanza kushuka, mwali alitolewa. Alibebwa begani, amefunikwa kanga, amepambwa kwa shanga na vito, uso ameuinamisha kama alivyofunzwa. Vigelegele vilipanda, ngoma zikabadilisha mpigo, na uwanja mzima ukasogea mbele.

Sasa ndipo mgeni wa mjini anapoelewa kuwa hapa hakuna watazamaji. Wenyeji husema mcheza kwao hutunzwa, na kutunza kuna utaratibu. Humtupii mchezaji noti kwa mbali. Unaingia uwanjani ukicheza, hata kama hujui, unaibandika noti kwenye paji la uso au kuitia mkononi, na unatoka ukicheza. Wanaotunza kwa noti ndogo ndogo nyingi hupendwa kuliko wanaotoa moja kubwa, kwa kuwa wanaingia mara nyingi. Shangazi za mwali huingia kwa kundi. Mjomba huitwa kwa jina na asipotokea huimbwa. Dereva wetu aliingia, akacheza Kinyamwezi, akachekwa hadi watu wakashika mbavu, akatunza, na faini zake zote zikafutwa hadharani.

Pesa hizi haziandikwi daftarini. Zinaandikwa kwenye macho ya watu. Mama aliyemtunza mtoto wako mbele ya mtaa mzima hutampita njiani ukajifanya hukumwona. Na jirani ambaye mlinuniana tangu mwaka jana kwa ajili ya mpaka wa kiwanja, akiingia kumtunza mwanao, ugomvi umekwisha bila kikao cha mjumbe. Nililiona hili likitokea, na aliyenionyesha alinionya nisiwakodolee macho.

Usiku na lawama zake

Giza likiingia wazee walirudi kwenye mikeka na vijana wakaleta spika. Mchiriku na singeli hukaa hapa kwa haki, maana ni wajukuu wa ngoma za mchana. Kasi ya singeli hupita mapigo 200 kwa dakika, na anayeweza kucheza kwa kasi hiyo hadi usiku wa manane amefanya kazi ngumu kuliko kulima.

Hapa ndipo zinapoanzia lawama, na baadhi ni za haki. Mikesha inayoitwa vigodoro imewahi kupigwa marufuku na viongozi wa mkoa zaidi ya mara moja, kwa sababu ya matusi, uchezaji wa utupu na fujo. Kanuni za mazingira za 2015 kuhusu kelele na mitetemo zinampa jirani haki ya kulala, na mgonjwa au mwanafunzi wa mtihani aliye nyumba ya tatu hana kosa lolote. Familia iliyotukaribisha ilizima spika mapema kwa sababu mtaani kulikuwa na mzazi aliyejifungua juzi yake. Walijua, kwa kuwa walikuwa wamempelekea chakula. Promota aliyekodi uwanja asingelijua hilo.

Lawama nzito zaidi ni ya gharama. Daftari linalounganisha watu linaweza pia kuwakaba. Wapo wanaokopa ili warudishe mchele kwa nyongeza, wanaonunua sare tatu katika mwezi mmoja, wanaouza kipande cha shamba ili shughuli yao isizidiwe na ya jirani. Kiwanja kikishauzwa hakirudi, ngoma ikawa imechezewa juu ya ardhi ya watoto. Wazee wa Chanika wenyewe hulisema hili kwa ukali kuliko mgeni yeyote. Dawa wanayoitoa ni nyepesi: rudisha ulichopokea, usishindane. Nyongeza ni hiari ya mwenye nacho.

Hukumu

Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika kwa sababu fedha hazikutosha. Ilirudi 2017, na tuna bahati ilirudi. Lakini mwaka ule bila tamasha unatuonyesha udhaifu wa muziki unaomtegemea mdhamini, hata ukiwa mzuri kiasi gani. Mwaka huo huo Chanika wanawali walitolewa kama kawaida. Hapakuwa na bajeti ya kukatwa, kwa maana bajeti ilikuwa imetawanyika katika mamia ya daftari.

Nyerere, alipoanzisha wizara ya utamaduni wa taifa mwaka 1962, alisikitika kwamba waliosoma wamefundishwa kuzionea haya ngoma zao na kujivunia dansi za wageni. Tangu hapo tumejitahidi kuzihifadhi kwenye vyuo, vikundi vya taifa na majukwaa. Kazi hiyo ina faida, na Bagamoyo ni ushahidi. Lakini ngoma ya jukwaani inahitaji mtu wa kuihifadhi, na ya Chanika inajihifadhi yenyewe kwa deni la majirani. Kati ya njia hizo mbili, hii ya pili ndiyo iliyodumu muda mrefu zaidi kwa gharama ndogo kwa taifa, na serikali ingeisaidia zaidi kwa kurahisisha kibali kuliko kwa kuandaa tamasha jingine.

Basi, msomaji, ukialikwa shughuli upande wa Chanika, nenda. Vaa nguo unayoweza kukalia mkekani. Pitia kwanza kwa wazee uwaamkie, ndipo uende kwenye ngoma. Usipige picha za mwali bila ruhusa ya wenyewe. Ikifika zamu ya kutunza, ingia uwanjani hata kama miguu yako haijui mpigo. Na ukiulizwa jina chini ya mwembe, litaje, litamke vizuri, liandikwe. Siku yako ikifika, watakuja.